Mama Mkwe wa Kisiwa cha Lisuba

Beseni bado liko pale chini, msomaji wangu, katikati ya njia ya kisiwa cha Lisuba, na dagaa wametapakaa mchangani. Mwenye beseni, mama mmoja mrefu, mkavu, amekwisha kuruka nje ya njia. Amejifunika kanga usoni na kuwapa mgongo wapita njia. Hakukanyaga nyoka wala hakukoswakoswa na jiwe. Amemwona Masele, basi.

Odeta, mke wa Masele, alikuwa hatua mbili nyuma ya mumewe, ndara mkononi. Kitendo kile alikijua tangu utotoni.

Ndivyo anavyofanya mama yake mzazi kule Magu kila Masele anapokwenda kuwasalimu. Anaacha njia, anajifunika, anageuka. Mwanamke mtu mzima hamfanyii hivyo mwanamume yeyote isipokuwa aliyemwoa binti yake.

"Baba Malimi," Odeta alisema polepole, "huyo mama ni nani?"

"Nitamjulia wapi mimi?" Masele akacheka. "Kichaa tu huyo. Visiwani huku vichaa wengi kuliko kunguru. Twende zetu."

"Kichaa anayejua kumpisha mkwe?"

Kicheko kikakatika. "Umeanza maneno yako, mama Malimi. Tumekuja kupumzika hapa."

Yule mama akasema bila kugeuka, sauti ikipita kwenye kanga, "Mama, mwambie apite. Mwambie apite nipate kuzoa dagaa wangu."

Na Masele akapita. Lakini alipitaje? Aliacha njia upande wa pili, akainamisha macho chini, akazunguka mbali kama mtu anayekwepa moto. Mdomo wake umekana, miguu yake ikakiri. Tangu lini mwanamume mwenye akili zake akampa kichaa adabu za ukwe?

Odeta aliliona hilo.

Kama gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, nisikilize upesi, maana leo hatuna muda wa kupoteza.

Odeta anafanya kazi Mwanza, kiwanda cha minofu, chumba cha vipimo. Wiki tatu zilizopita aliletewa sangara wazuri, macho maangavu, mashavu mekundu. Vipimo vikasema mengine. Ndani ya samaki wale mlikuwa na dawa ya pamba, ile ile wakulima wanayopulizia wadudu mashambani. Kuna watu wameacha nyavu siku hizi. Wanamwaga dawa ziwani, samaki wanaelea wenyewe, wao wanazoa. Soko huria bwana, kila mtu na ujanja wake.

Makreti ya mzigo ule yalikuwa na alama moja: mistari mitatu ya rangi ya buluu. Wapakiaji walikuwa wameyaondoa upesi, na aliyeiangalia alama ile kwa makini ni Odeta peke yake. Jumatatu ijayo mabwana samaki wa serikali wanakuja kiwandani, naye ndiye atakayeonyesha na kusema, "Ni yale."

Habari hiyo Odeta alimsimulia mumewe mezani, kama mke yeyote anavyosimulia mambo ya kazini. Masele alikuwa karani wa ushirika, akapunguzwa, tangu hapo ananunua samaki. Anasema anawachukua upande wa Sengerema. Jioni ile aliacha kula, akamshika mkono.

"Umechoka mke wangu," alisema. "Omba likizo. Tukapumzike wiki moja kisiwani, mimi na wewe tu."

Odeta alilia kwa furaha. Miaka tisa ya ndoa ya kanisani, hata kisiwa cha Saanane pale mjini hajawahi kumpeleka! Mtoto wao Malimi wakamwacha kwa bibi yake Magu, wakapanda meli mpaka Nansio, kisha mtumbwi wa injini mpaka Lisuba. Leo ni siku ya nne.

Kikulacho ki nguoni mwako, Odeta. Lakini nani angekwambia?

* * *

Mwenye nyumba ya wageni, Wilhelmina, alikuwa jikoni akikaanga sato. Odeta aliingia peke yake. Masele alikuwa ameteremkia ufukweni, kuangalia injini kama alivyosema.

"Dada Wilhelmina, kuna mama mrefu, anauza dagaa. Ana binti?"

Wilhelmina aligeuza samaki ambaye alikuwa bado hajaiva. "Mimi nauza vitanda na chakula, dada yangu. Habari siuzi."

"Nisaidie. Wewe ni mwanamke mwenzangu."

"Kisiwa hiki kizima samaki wake wananunuliwa na mtu mmoja," Wilhelmina alisema kwa sauti ya chini. "Nikimuudhi huyo, wavuvi hawaleti kitoweo hapa hata mkia. Umenielewa?"

Odeta alishika ukingo wa meza. "Mtu huyo ni nani?"

Wilhelmina alimtazama, akamwonea huruma waziwazi. "Anaitwa mama Adoyo. Anakaa pale juu ya mwalo, mitumbwi inapopakulia samaki, boma la minyaa. Mimi sijakwambia kitu."

Mlango ukasukumwa. Masele! Anatabasamu, na begani amebeba kamba mpya ya manila, imeviringishwa vizuri. Mkono mwingine umeshika nanga ya chuma.

"Jiandae, mama Malimi. Safari ya Jiwe la Minandi, kule katikati ya ziwa, tunaifanya leo. Saa kumi."

"Si ulisema keshokutwa?"

"Upepo umetulia leo. Tutachoma samaki kule, tutaona hao ndege minandi. Wapo mamia, jiwe lote jeupe kwa mavi yao."

"Nani anatuendesha?"

"Naendesha mwenyewe. Nimekwambia mimi na wewe tu."

"Mimi sijui kuogelea, baba Malimi."

Masele alimpapasa shavu. "Nani kakwambia utaogelea?"

Akatoka. Wilhelmina alikuwa ameinamia kikaango, samaki wanaungua, wala hafanyi lolote. Odeta alivaa ndara zake, akapitia mlango wa uani.

* * *

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Nilijua utakuja."

Adoyo alikuwa mbele ya nyumba yake ya udongo, anatandaza dagaa juu ya wavu mkuukuu. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu wa pwani ya Mara, Rorya huko, kilichopishana na Kijaluo njiani. Alimtandikia Odeta mkeka kabla ya kumwuliza jina.

"Unisamehe yale ya njiani. Siwezi kukusalimia na mkwe amesimama pale."

Mkwe. Neno lilitamkwa hivyo hivyo, bila kuficha chochote, kama mtu anayetaja chumvi. Odeta alikaa mkekani.

"Usiogope," Adoyo akaendelea. "Najua wewe ni mwenzake binti yangu, Roza. Roza wangu alijua mumewe ana mtu mjini. Mwanamume mwenye injini mbili atakaa na mke mmoja? Mke mwenza wa mwanangu ni mwanangu. Hapa ni kwenu."

Odeta alitaka kupiga kelele. Alitaka kusema habari za padri, za pete, za mashahidi waliosimama kanisani. Ndiyo, hata hatari ilipomtazama usoni alimwonea wivu mwanamke asiyemjua. Lakini Adoyo alimwahi.

"Na Roza hajambo huko?"

"Huko wapi, mama?"

"Mwanza! Si mnakaa pamoja? Miaka miwili sijamwona mwanangu. Salamu tu ndiyo ninaletewa, na picha moja."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa. Ndani ya kopo mlikuwa na picha moja iliyofungwa kwa kitambaa safi. Aliifuta kwa kanga, akampa Odeta kwa mikono miwili.

"Ndiyo nyumba yake. Nyegezi."

Odeta aliitazama. Mlango wa kijani. Mpapai uliolalia ukuta. Kamba ya nguo, na juu ya kamba shuka la pinki lenye kiraka cha kitenge.

Kiraka kile alikishona yeye. Shuka ni lake, mpapai aliupanda yeye, na nyuma ya mlango ule wa kijani hakujawahi kulala mwanamke anayeitwa Roza hata usiku mmoja.

"Nyumba nzuri," Adoyo alisema. "Nilimwambia Mungu ahsante."

Odeta aligeuza macho, yakaangukia banda la kuku. Lilikuwa limetengenezwa kwa kreti la samaki lililovunjika. Ubavuni mwa kreti kulikuwa na mistari mitatu ya rangi ya buluu.

"Mama," sauti ilimtoka kwa shida, "lile kreti la nani?"

"La mkwe. Yote ya hapa mwaloni ni yake. Hilo lilivunjika, wakanitupia."

Basi akaelewa. Yale makreti ya Jumatatu ni ya Masele! Mtu ambaye ushahidi ungetolewa dhidi yake alikuwa akila naye sahani moja, na yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alimwonya wiki tatu kabla.

"Mama, niambie. Roza aliondokaje hapa?"

"Na mumewe. Alikuwa amedhoofika kwa mawazo, wanagombana kila siku. Siku moja alikuja hapa akaniambia, mama, msile samaki wa mtumbwi wa mume wangu. Nikamwuliza kwa nini? Akasema, basi tu, msile, nitakwenda kusema kwa wakubwa Nansio. Kesho yake mkwe akatuma mtu kuniaga. Anasema mke wangu amechoka, nampeleka tukapumzike wiki moja. Watapitia Jiwe la Minandi, wachome samaki, halafu washike njia ya Mwanza."

Wiki moja. Odeta aliuliza upesi, "Roza anajua kuogelea?"

"Roza? Huyo ni samaki!" Adoyo alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mtumbwi ulirudi siku ile ile, kabla jua halijatua. Nikajiuliza, Mwanza wamefika saa ngapi? Na vijana wa mwaloni walilalamika, mtumbwi umerudi bila nanga."

"Hukumwuliza?"

"Nimwulize nani?"

"Masele."

Adoyo alimtazama kama mtu aliyesikia tusi. "Mkwe haulizwi, mwanangu. Nitaanzaje? Hata uso wake siujui vizuri. Miaka sita nimemwona mgongo na viatu."

Miaka miwili mama huyu amekaa na swali kifuani, kwa sababu ya heshima! Msiniambie mila ni mbaya, sikusema hivyo. Mila ilimfundisha mama kuinamisha macho, Masele akajificha hapo hapo macho yalipoinama.

Odeta angeweza kumwambia. Picha ilikuwa bado mkononi mwake. Lakini unamwambiaje mama kitu kama hicho, na picha yake amekupa kwa mikono miwili?

"Mama, nifiche," alisema. "Leo saa kumi ananipeleka Jiwe la Minandi. Kupumzika. Ameweka nanga mpya, na kamba mpya."

Mkono wa Adoyo ulisimama juu ya dagaa. Akainuka, akatikisa kanga yake.

"Ingia ndani," alisema. "Nyumbani kwangu mkwe haingii."

* * *

"Mama Malimi!"

Masele alikuwa amesimama kwenye mwanya wa minyaa, kamba begani, tabasamu usoni. Adoyo alikaa ndani ya kizingiti, mgongo kwa ua, kanga imefunika kichwa na uso. Odeta alisimama nyuma yake, gizani mwa chumba. Chumba kilikuwa kimoja, dirisha dogo la kupitisha moshi, mlango mmoja.

"Mama Malimi, njoo. Injini inatungoja."

"Mwambie mkwe nimemsikia," Adoyo alimwambia Odeta kwa sauti ya kawaida. "Mwambie mwanangu anakula kwanza."

"Baba Malimi, mama anasema nile kwanza."

"Mwambie mama nashukuru. Tutakula kule jiweni."

"Mama, anasema..."

"Mwambie mgeni haondoki kwangu na njaa."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, hatua kumi tu kati yao. Lakini mkwe na mkwe hawasemeshani, maneno sharti yapite kwa mtu wa tatu. Siku nyingine Odeta angecheka. Leo aliona kwamba maneno yote yanapita mdomoni mwake, na mama hawezi kusema "mimi sikusema hivyo" bila kumsemesha mkwe.

Akavuta pumzi.

"Baba Malimi! Mama anauliza, Roza hajambo?"

Mabega ya Adoyo yalishtuka. Hakuwa ameuliza. Lakini hakugeuka wala hakukanusha.

Masele alichelewa kidogo. "Mwambie mama hajambo. Anamsalimu sana."

"Mama anauliza, anaishi wapi?"

"Anajua. Nyegezi. Si nilileta picha?"

"Mama anauliza, katika ile nyumba ya mlango wa kijani Roza analala chumba gani? Kile cha Malimi, au kile chetu mimi na wewe?"

Kuku ndani ya kreti walikuwa wanaparua tu.

Tabasamu la Masele lilikwisha. Alitazama upande wa mwalo, watu walikuwa mbali, kwenye mizani, kila mtu na shughuli zake. Akaiteremsha kamba kutoka begani, akaishika mkononi.

"Odeta," alisema. Tangu Malimi azaliwe hakuwahi kumwita jina lake. "Toka nje."

"Sitoki."

"Jumatatu yako hiyo haitafika. Toka nje, tumalize bila aibu."

"Sitoki, Masele. Njoo unitoe."

Alilisema hilo akijua hawezi. Kwao Masele ni Usukumani, amelelewa na wazee. Mwanamume anayeingia chumba anacholala mama mkwe wake hatambuliki tena kama mtu, si kwao Odeta, si kwao Adoyo, wala si kisiwani ambako angehitaji watu wamwuzie samaki kesho. Hata mimi ninayewasimulia nilitegemea ataishia uani.

Masele alivuka ua. Alifika kizingitini, ncha ya kiatu ikagusa ubao, akasimama. Odeta aliona jasho juu ya mdomo wake. Alimwona mumewe anaogopa kitu, mara ya kwanza katika miaka tisa, na kwa muda mfupi alidhani ameokoka.

Kisha Masele akainua mguu, akampita mama mkwe wake pembeni, akautua ndani.

Adoyo aliusikia mguu ule kwenye sakafu yake ya udongo. Akaitoa kanga kichwani, akaikunja, akaiweka mapajani. Akasimama, akageuka taratibu, uso wazi, mpaka macho yake yakakutana na macho ya Masele. Miaka sita hajawahi kuyaona.

"Mkwe wangu haingii humu," alisema. Hakumwambia Odeta aseme, alisema mwenyewe. "Ungekuwa bado mkwe, ungesimama pale. Umeingia. Basi hakuna tena kinachotufanya mimi na wewe wakwe."

Odeta alimwona akishika ukuta, na akajua kwamba mama ameelewa yote, bila kuelezwa picha ile ilikuwa ya nyumba ya nani. Machozi yalimtoka Odeta kwa ajili ya Roza, mwanamke ambaye nusu saa iliyopita alikuwa amemwonea wivu.

"Nilinyamaza miaka miwili," Adoyo alisema. "Sasa nakuuliza. Ile nanga ya kwanza uliiacha wapi, Masele?"

Masele aliusukuma mlango nyuma yake kwa kisigino, akateremsha komeo.